Ng'ombe wa Shangazi na Nyumba ya Kupangisha

Jumatatu, 8 Januari 1912. Nkoaranga.
Klak! Ndivyo ufunguo ulivyolia kule Arusha, karibu na boma la Wajerumani, mwenye duka alipofunga chumba anachopangisha. Akaenda zake. Kodi ikabaki ikimfanyia kazi. Tangu hapo nausikia mlio ule, hata kanisani. Mpango: nyumba moja, kodi yake ijenge ya pili, ya pili ijenge ya tatu. Mjomba amenipa pembe ya shamba lake Engutoto. Kufuli nimenunua. Bado nyumba.

Jumamosi, 27 Januari.
Mtaji nimeupata humu ndani, unatafuna majani ya migomba! Madoa ni ng'ombe wa shangazi Hanna. Alimweka kwetu, kama desturi: sisi tunamlisha na kunywa maziwa, yeye na ndama zake ni mali ya shangazi. Basi nami nimemweka kwa Sumari, fundi, pamoja na ndama anayenyonya. Anywe maziwa, asimamishe miti na kuta. Sikuuza. Nimeweka kilichowekwa. Baba nimemwambia Madoa yuko kwenye malisho mazuri. Kaka Anaeli akacheka: shangazi akimkosa ng'ombe wake, baba hana dada tena. Wivu.

Alhamisi, 15 Februari.
Kuta tayari. Sumari kachoka kumkatia Madoa majani. Naye amemweka kwa mtu wa nyasi za kuezekea, na nyasi zimepanda juu. Paa! Mpangaji kapatikana papo hapo: Lemayian, Mwarusha mpole, mfupi wa maneno. Akishahamia, atalipa kibuyu cha maziwa ya mgando kila siku ya soko. Nimempa ufunguo mmoja, wangu ninao.

Jumatano, 6 Machi.
Kodi ya kwanza imefika! Maziwa mazito. Nikatangaza kwamba hii ndiyo ladha ya mali. Baba akasema yanafanana sana na ya Madoa. Anaeli alikohoa muda mrefu.

Ijumaa, 8 Machi.
Balaa. Shangazi alikuja jana. Binti yake Maria amejifungua, maziwa hayamtoki, mtoto analia; basi shangazi anamtaka Madoa. Leo tukashuka kwa Sumari. Sumari akatuelekeza kwa mtu wa nyasi. Majirani wa mtu wa nyasi wakasema amehamia Engutoto. Tukasimama mbele ya mlango wangu. Klak. Ndani: Madoa na ndama, pakavu kabisa. Shangazi akamwita, akaitika. Lemayian, kumbe ndiye mtu wa nyasi, akauliza kosa lake ni lipi, maana kodi analipa.
Shangazi akanitazama. "Mwanangu, mpangaji wako ni ng'ombe wangu. Na ndiye anayelipa."
Hesabu zilikuwa sahihi.

Jumatatu, 11 Machi.
Madoa karudi kwa shangazi, basi Lemayian kashusha nyasi zake. Sumari kang'oa miti yake. Udongo umechukuliwa na mvua. Mtoto wa Maria anashiba, na shangazi amesamehe. Kwa kuwa tumemlisha Madoa miaka yote, kamwachia baba mtamba, binti mkubwa wa Madoa. Baba kanikabidhi nimlishe, akaniapisha nisimtoe nje ya uzio.
Tatizo lilikuwa maziwa: yalisafiri, yakajulikana. Mtamba hana maziwa bado. Asubuhi hii, baba akiwa kwenye ibada, nimemfikisha kwa fundi Dismasi wa Kikwe. Safari hii vyumba viwili. Kufuli la pili nimekwisha nunua.