Clive Ormerod Ateka Nyumba ya Watu

Katika jimbo zima la Herefordshire, Uingereza, hakukuwa na ngome ambayo Clive Ormerod hakuwahi kuiteka. Wafalme wa zamani walizijia ngome hizo na mizinga na farasi, wakapiga kambi nje ya kuta miezi sita, wakaishia kula panya. Clive aliziendea na chupa ya chai na koti la mvua, na kabla ya saa ya chakula ngome ilikuwa mikononi mwake. Ndivyo alivyosimulia mwenyewe, na kwa kuwa alikuwa amestaafu kazi ya kuuza mazulia, muda wa kusimulia alikuwa nao tele.

Debe tupu huvuma, lakini debe la Clive wala halikuwa tupu. Lilijaa pomoni, ila vitu vyake vilikuwa vimechanganyika. Alijua mwaka wa kila vita, bahati mbaya akaupachika kwenye vita vingine. Alijua jina la kila mfalme, akamwoza mke wa mwenzake.

Mwenye masikio ya kuyapokea hayo yote alikuwa Hilary Pennock, mjane aliyefundisha watoto kuogelea. Walijuana kwenye kwaya ya kanisa, ambako Clive aliimba besi kwa nguvu hadi kinanda kikaona haya. Tangu majira ya kuchipua alikuwa akimchukua kila Jumapili kwenda kutazama ngome, na Hilary alikwenda, akasikiliza, akanyamaza. Clive aliuona ukimya ule kuwa ni mshangao wa mtu anayekunywa elimu kutoka kwenye chemchemi. Basi Jumapili moja ya mwezi wa Septemba alitia pete mfukoni. Aliazimia kumpandisha Hilary juu ya mnara wa ngome ya Aldersloe, amwonyeshe mabonde mpaka upeo wa macho, kisha amwombe awe mke wake.

Ramani hakuchukua. Ramani, alisema, ni ya watalii.

Walipofika njia panda, Hilary alimwambia kwamba kibao cha Aldersloe kinaelekeza kulia. Clive akakata kushoto. Akaeleza kwamba kibao kile kiliwekwa kuwapitisha watu kwenye duka la vikumbusho, na kwamba yeye anaijua njia waliyopita askari. Askari hao lazima walikuwa wembamba sana, maana gari lilikwaruzwa na michongoma pande zote mbili hadi mwisho wa njia. Lakini huko mwisho, kweli, kulikuwa na lango la mawe, handaki la maji lenye bata, daraja dogo, na nyumba kubwa ya kale yenye mnara pembeni.

"Umeona?" alisema Clive, akajipongeza kimoyomoyo.

Hakukuwa na gari la mgeni mwingine hata moja. Clive akasema hiyo ndiyo faida ya kufuatana na mjuzi. Hakukuwa na mkata tiketi pia. Huyo, akasema, atakuwa amekwenda kunywa chai. Mlango ulikuwa wazi, wakaingia.

Ukumbini kulikuwa na viatu vya mpira vyenye tope bichi. Clive akausifu uongozi wa ngome kwa kujali mambo madogo. Chini ya meza alilala mbwa mzee aliyefungua jicho, akawapima, akaona si kazi yake. Clive akaeleza kuwa siku hizi mbwa wa namna hiyo hukodiwa ili kuleta uhai. Hilary akamgusa kiwiko, akasema kwa sauti ya chini kwamba anasikia birika likichemka.

"Ni sauti ya mashine, bibie," alisema Clive. "Hata harufu ya nyama ya kuoka wanaipuliza kwa mashine. Vuta pumzi uone."

Hilary akavuta pumzi. Ilikuwa nyama ya kondoo, na vitunguu.

Kwenye chumba cha chakula Clive alisimama mbele ya tundu la mraba ukutani, akaeleza kwa kirefu jinsi mpiga mishale alivyojibanza nyuma yake na kuwaangusha adui waliokuwa wamekwisha kukaa mezani. Alipokuwa akimwonyesha namna ya kuvuta upinde, mkono wa mwanamke ukatokea tunduni, ukaweka bakuli la viazi vya kuoka, ukatoweka.

Mtu mwingine angeshtuka. Clive alichukua kiazi kimoja.

"Ajabu ya ufundi," alisema akitafuna. "Kina ladha ya kiazi kabisa."

Hilary akaanza kusema kitu. Clive akamwomba aweke maswali mpaka mwisho.

Sebuleni, kando ya moto, aliketi mzee mwenye masharubu meupe, amevaa joho jekundu, kichwa amekilaza nyuma, mdomo wazi. Clive alizunguka kiti mara mbili akitikisa kichwa. Alisikitika kusema kwamba hii ndiyo sanamu mbovu kuliko zote za nta alizowahi kuona. Pua ilikuwa kubwa mno, hakuna binadamu aliyewahi kutembea na pua ile. Tumbo liliwekwa mahali pasipo pake. Na juu ya mapaja, uzembe mtupu, walikuwa wamesahau gazeti la siku ile ile!

"Masharubu ni mkia wa farasi," alisema. "Tazama."

Akayashika, akavuta.

Kisha akageuka kwenda kwenye ngazi za mnara, na hivyo hakuona alichokiona Hilary: sanamu ikifumbua macho yote mawili, ikimtazama Hilary, ikiinua nyusi kuuliza. Hilary, uso umemwiva kama nyanya, aliunganisha viganja viwili kuomba radhi, akamnyooshea Clive kidole, akainua mabega. Sanamu ikafikiri kidogo. Ikaitikia kwa kichwa kuonyesha imeelewa, maana nayo ilikuwa na shemeji wa aina hiyo.

Ngazi zilizunguka na kuzunguka. Clive alipanda akihema na kueleza, hata hewa ilipomwishia aliendelea kueleza kwa mikono. Walipotokea juu, upepo ukawapiga. Mabonde yalikuwepo kama alivyotaka, na kondoo wake, na mto wake. Kulikuwa pia na kamba iliyofungwa kutoka upande hadi upande wa mnara, na kwenye kamba hiyo zilipepea shuka mbili, soksi, na suruali tatu ndefu za ndani za sufu.

Clive alizitazama kwa muda mrefu kidogo kuliko kawaida yake.

"Bendera," alisema. "Nyeupe ni kusalimu amri. Zenye miguu miwili ni kuomba msaada."

Halafu akatoa pete. Kwa mara ya kwanza siku ile alisema jambo alilokuwa na hakika nalo. Akapiga goti juu ya mawe yenye kinyesi cha njiwa, akamwambia Hilary kwamba tangu waanze kutembea pamoja haoni raha kuiona ngome peke yake, wala kunywa chai peke yake, na je, atakubali kuwa mke wake?

Hilary alimtazama, macho yamelainika. Akafungua mdomo kujibu. Papo hapo ukasikika mlio wa kikohozi, na kwenye mlango wa ngazi ikatokea sanamu ya nta, na joho lake, na kapu la nguo kiunoni.

"Msisumbuke," ilisema. "Mvua inakuja, nimepanda kuanua nguo zangu."

Clive aliutazama uso ule. Akaitazama ile pua. Akazitazama zile suruali, kisha viatu vya mpira, mbwa, birika, nyama, mkono na kiazi vikapita akilini mwake kimoja kimoja, kama wageni wanaoaga mlangoni.

"Naitwa Ambrose Fenwright," alisema mzee, akibandua soksi. "Hapa ni kwangu. Ngome unayoitafuta iko ng'ambo ya kilima. Na masharubu, kama bado una shaka, ni yangu pia. Bwana, watu wamepiga magoti hapa mbele ya wafalme. Mbele ya suruali zangu wewe ni wa kwanza."

Clive hakusema neno. Hakuinuka wala hakusogea. Mzee alipompa kapu, alilipokea. Mzee alipomtwika suruali moja, na ya pili, na ya tatu, alizipokea. Matone ya kwanza ya mvua yalimwangukia kwenye upara, naye akabaki palepale, pete ameichomeka kidoleni mwake mwenyewe bila kujua, kapu kifuani, kimya kabisa.

Hilary aliketi juu ya ukuta akacheka mpaka machozi. Alipomaliza kuyafuta, alisema, "Ndiyo, Clive. Nimekubali."

Waliombwa wabaki kula. Philippa, dada yake Ambrose, ndiye aliyekuwa mwenye mkono, na alimwekea Clive viazi zaidi bila kusema kitu, jambo lililouma kuliko tusi. Walipokuwa wakirudi kwenye gari, Clive alijipa moyo. Akamuuliza Hilary ni nini hasa kilichomfanya akubali. Alidhani ni mandhari. Au labda ni yale maneno ya chai.

Hilary akamshika mkono. Akamwambia ukweli: asubuhi ile alikuwa ametoka nyumbani ameshaamua kumkataa. Alimpenda, alisema, lakini hakuona namna ya kuzeeka na mtu ambaye hakuna kitu duniani kinachoweza kumnyamazisha.

"Halafu ukanyamaza," alisema. "Ulinyamaza vizuri sana, mpenzi. Nikajua inawezekana."

Clive akafungua mdomo kujibu. Hilary akamtazama, akisubiri. Clive akaufunga.

Akawasha gari, akavuka daraja, akafika njia panda, akakata upande aliouona yeye kuwa ndio, ambao haukuwa wa nyumbani. Hilary naye hakusema kitu. Walipoingia Wales, nchi jirani ambayo hawakuwa na safari nayo, Clive alikuwa bado ameuma midomo, anaendesha moja kwa moja.