Likizo ya Ng'ambo, Nikishajua Kuogelea

Jumatatu, 3 Juni

Siku mbaya. Mapacha walikuja kula kwangu jioni. Hawakuvua hata makoti. Dalili kwamba hawakai.

Kiberenge, binti yangu, ambaye tangu ajifunze kutembea hajatembea bali anakimbia tu, akatangaza kwamba likizo hii wanakwenda ziwani kupiga kambi na baba mdogo. Pacha wake, tunayemwita Mzee kwa sababu alizaliwa amekunja uso, akaongeza kwamba watapanda majabali. Watapiga mbizi. Watalala kwenye mahema.

Baba mdogo! Mdogo wapi? Mtu ana mabega mapana kuliko kabati langu la nguo. Ni mwalimu wa kuogelea. Mama watoto aliolewa naye baada ya kuniacha mimi. Kimoyomoyo namwita Misuli.

Nikajisikia nikisema kwamba haitawezekana, maana likizo hii mimi nawapeleka ng'ambo. Kushuka maporomoko ya mto kwa boti ya mpira! Kupanda mlima wa barafu! Kuteleza kwenye kamba juu ya msitu, miguu ikining'inia!

Mzee akauliza kama nina homa.

Sina homa. Nina mpango. Au nitakuwa nao kesho.

Jumanne, 4 Juni

Kazini. Natengeneza meno bandia. Chumba changu kiko nyuma ya kliniki, hakina dirisha, na taya za plasta za nusu ya mji zinanikenulia kutoka kwenye rafu. Nikazieleza mpango. Hakuna iliyopinga.

Mchana nikaenda kwa wakala wa safari. Dada mchangamfu. Aliposikia ni vijana wa miaka kumi na mitano wasiotulia, akafurahi, akasema safari hii imetengenezwa kwa ajili yao. Kisha akauliza mzazi atakayefuatana nao ana uzoefu gani wa maji. Nikamwambia niliwahi kuvuka barabara iliyofurika. Akanitazama kwa huruma, akasema wenye boti hawampokei mzazi asiyejua kuogelea.

Nikamwambia naogelea kama samaki. Sikusema samaki gani. Wapo pia wa kopo.

Alhamisi, 6 Juni

Nimempigia simu mama watoto. Pasipoti za watoto haziwezi kutoka bila ridhaa yake. Alicheka. Kisha akaacha kucheka, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Akanikumbusha safari ya farasi. Na safari ya meli. Na ile ya kwenda kuona theluji, ambayo Kiberenge alilala na glavu mkononi wiki nzima akiisubiri. Zote ziliishia mdomoni mwangu. Akasema watoto wamekua, wameacha hata kulalamika, na mimi nilipaswa kuliogopa hilo.

Wivu tu.

Mwishowe akatoa sharti. Jumamosi ya wiki ijayo, kwenye bwawa la Misuli, niogelee kutoka upande mmoja hadi wa pili, yeye akitazama. Nikiweza, atakubali. Nikasema sawa. Kuogelea ni kitu gani? Bata anaogelea, na hajasoma hata darasa la kwanza.

Jumamosi, 8 Juni

Mazoezi ya nchi kavu. Nimelala kifudifudi juu ya stuli ya jikoni, nikitupa mikono na kupiga mateke, kama nilivyoona kwenye video. Naenda vizuri. Stuli haizami.

Katikati ya mateke, Mzee akaingia kuchukua baiskeli yake. Akasimama mlangoni. Sijui alikuwa amesimama kwa muda gani. Akasema, "Baba, baba mdogo anaweza kukufundisha. Nimeshamuuliza. Amekubali."

Ameshamuuliza! Mtoto wangu wa kumzaa ananiombea msaada kwa adui! Nikamwambia mimi nanyoosha mgongo tu. Akaitikia kwa kichwa. Akatoka na baiskeli. Huyu ni mtoto anayeendesha kama anafukuzwa na nyuki. Leo aliikokota mpaka kona, kichwa chini.

Labda tairi.

Jumanne, 11 Juni

Sitaki kuandika haya. Lakini naandika.

Video inasema adui wa mwogeleaji mgeni ni hofu ya kuzamisha uso. Kwa hiyo nikajaza maji kwenye beseni langu la kazini, nikazamisha uso, nikaanza kubana pumzi. Amani kubwa. Nilikuwa naanza kuipenda.

Dada wa mapokezi akafungua mlango. Akaona mwili wangu umeinama, mikono inaning'inia, kichwa ndani ya beseni. Akapiga ukelele uliofika mpaka kwa mgonjwa aliyekuwa amepanua mdomo kwenye kiti. Daktari akaja mbio, koleo mkononi. Wakanivuta kwa kola.

Nilipotaka kueleza, uso ukagoma. Beseni ni lile la kukorogea plasta. Sikulisuuza vizuri. Nyusi zangu zilikuwa zimeganda, zimeinuka juu, na haikuwezekana kuzishusha. Jaribu kumshawishi mtu kwamba huna tatizo lolote huku nyusi zako zikiwa hivyo.

Daktari akanikalisha chini. Akasema kwa upole kwamba anajua kuishi peke yangu si rahisi. Akanipa mapumziko hadi wiki ijayo. Dada wa mapokezi alikuwa analia.

Nimerudi nyumbani. Plasta imetoka kidogo kidogo, pamoja na nywele za nyusi. Nyumba iko kimya sana mchana. Nilikuwa sijui, maana mchana huwa sipo.

Ijumaa, 14 Juni

Nimepata jibu! Dukani nimenunua boya la mpira la watoto, lile la kuvaa kiunoni. Nitalijaza upepo nusu, nitalivaa chini ya fulana kubwa, nitatupa mikono kwa madaha. Nani atajua? Mama watoto atatazama mikono. Misuli atatazama misuli yake.

Nimejaribu mbele ya kioo. Naonekana mjamzito wa miezi saba. Lakini mwenye afya.

Jumamosi, 15 Juni

Nimeshindwa.

Tulikutana bwawani asubuhi. Mama watoto akauliza kama nimenenepa. Nikamwambia ni upishi wangu. Mapacha walikaa ukingoni, miguu majini. Misuli akanipa mkono, akanitakia heri. Mnafiki.

Nikaruka. Boya likateleza. Likapita makalio, likanasa kwenye magoti, likapanda juu ya maji kama linavyotakiwa, na miguu yangu ikapanda nalo. Kichwa kikaenda chini. Boya halijali ni upande gani wako linaouinua. Niliona vigae vya buluu. Niliona kibanio cha nywele kimelala chini, kimetulia. Nikafikiri: basi, ndiyo hivi.

Kisha mkono mmoja, mpana kama koleo la mchanga, ukanishika kwapani.

Misuli aliruka na nguo zake. Akanitoa, akanilaza ubavu, nikatapika maji na heshima yangu yote. Hakucheka. Alinifunika taulo, akalivua lile boya miguuni mwangu na kulificha nyuma yake kabla watu hawajaliona. Hilo ndilo siwezi kumsamehe.

Kiberenge alikuwa amesimama juu yangu. Mara ya kwanza namwona amesimama tu. Akanipiga begani, kwa nguvu.

"Nilidhani umekufa!" akasema. "Nani alikwambia tunataka maporomoko? Nani?"

Nilikuwa na maji puani.

Baadaye, kwenye chumba cha kubadilishia nguo, Misuli akaja akikamua shati lake. Akasema kuna hema la tatu. Watoto wenyewe ndio walioomba libebwe, tangu mwanzo, ila waliogopa kuniambia. Hakuna atakayenilazimisha kugusa maji. Naweza kuchochea moto.

Kuchochea moto! Mimi! Nikamshukuru, nikamwambia nina shughuli. Mzee alikuwa nje ya mlango ameshika viatu vyangu. Alisikia yote. Akanipa viatu bila kunitazama.

Jumatatu, 17 Juni

Wameondoka asubuhi. Nilipita karibu na kwao, kwa bahati tu, nikachuchumaa nyuma ya gari la jirani. Mahema matatu juu ya paa la gari. Mama watoto akahesabu watoto wake, akahesabu mikoba, akatazama barabara juu na chini. Kiberenge akashuka tena, akakimbia mpaka kona, akachungulia upande unaokuja kutoka kwangu. Akarudi akitembea.

Nilikuwa nimechuchumaa karibu kiasi cha kumgusa. Ningeweza kusimama. Lakini ningeeleza nini, mtu mzima niliyejificha nyuma ya gari la watu?

Gari likaondoka. Goti moja limegoma kunyooka.

Alhamisi, 20 Juni

Nimerudi kazini. Dada wa mapokezi ameondoa beseni.

Jioni Kiberenge alipiga simu kutoka ziwani. Upepo mwingi. Akasema wamelisimamisha hema la tatu karibu na lao, liko tupu, Mzee analifagia kila siku bila kuambiwa. Akasema basi linaondoka mjini kila asubuhi. "Njoo tu, Baba. Hata usipofanya kitu. Njoo ukae."

Nikakohoa. Vumbi la plasta, ugonjwa wetu mafundi. Nilipoweza kusema nikamwambia nimebanwa na kazi.

Akasema, "Haya." Hakukata mara moja. Upepo ukavuma kwenye simu, kisha ikakatika.

Sikumdanganya. Kazi ni nyingi. Mchana huu nilirudi kwa yule wakala, nikamwuliza kama ng'ambo kuna safari ya kusisimua isiyo na maji kabisa. Ipo! Desemba! Kuruka kutoka kwenye ndege kwa mwavuli, juu ya jangwa. Hakuna hata dimbwi! Misuli na kuogelea kwake atafanya nini jangwani?

Wakala akauliza kama nimewahi kuruka. Nikamwambia mara nyingi.

Nimewaandikia mapacha ujumbe wasipange lolote Desemba. Wameusoma. Hawajajibu. Bila shaka wamepigwa na butwaa.

Mazoezi yameanza usiku huu huu. Nimeruka kutoka juu ya meza ya chakula. Kifundo cha mguu kimevimba kidogo, lakini kanuni yake nimeielewa. Ni kuanguka tu. Hilo siwezi kushindwa.