Hili Si Yai

Jumatatu, 17 Februari

Mkurugenzi Cheon ametuita ofisini, mimi na Mwalimu Ma Eun-suk. Kituo chetu cha elimu ya watu wazima hakiwezi tena kubeba walimu wawili wa Kiingereza. Muhula ujao abaki mmoja, naye atakuwa Mkuu wa Lugha. Ijumaa anakuja mkaguzi, Bi. Colley, Mwingereza. Atakayemridhisha ndiye wa kubaki. Mada: vile vijineno vyao, "a," "an" na "the."

Sisi Wakorea hatuna vijineno hivyo. Miaka kumi na tisa navifundisha, na bado naviweka kwa kubahatisha, kama mtu anayetia chumvi gizani. Hilo sijamwambia mtu.

Nimempigia Mama, kule kwao Andong. Nimemwambia nimeshateuliwa. Hofu ya nini? Nitateuliwa.

Jumanne, 18 Februari

Darasa langu ni mabibi tisa. Mdogo wao ana miaka sabini na moja. Kinara wao ni Bibi Ok Bun-rye, aliyeuza tofu sokoni miaka arobaini na hajashindwa ubishi hata siku moja. Nimewaeleza kanuni zote. Bibi Ok akasema, "Mwalimu, hayo umeyasema kwa Kiingereza au kwa Kikorea? Maana mimi nimetoka patupu."

Wakati wa mapumziko, chai ya shayiri mkononi, likanijia wazo. Wazo la ajabu! "The," ikitoka midomoni mwetu, ni sawasawa na neno letu la "zaidi." "A" ni mguno wetu wa kushtuka. Basi: ukikiona kitu mara ya kwanza, shtuka: "a!" Ukikitaja tena, umezidisha: "the." Mabibi wakapatia sentensi kumi na nne kati ya kumi na tano. Mimi nilipata kumi na mbili.

Bibi Ok akauliza, na "an" je? Nikamwambia hako ni kadogo, kasimsumbue.

Jumatano, 19 Februari

Mwalimu Ma amebandika ukutani chati ya rangi saba, yenye mishale. Akanikuta naitazama. Akaniuliza kwa upole kama ningependa anieleze. Ana kiburi cha watu wenye mwandiko mzuri.

Mama kapiga. Amegawa mikate ya mchele kusherehekea uteuzi wangu. Ghorofa nne nzima za jengo lake zimekula, ya tano inasubiri zamu. Anasema majirani wameanza kumwita Mama Mkuu. Nikishindwa, nitamtazamaje?

Alhamisi, 20 Februari

Ofisini kuna vikapu viwili vya somo la kesho, kila kimoja na jina la mwalimu wake. Changu: ndizi na peasi. Cha Ma: machungwa na mayai ya kuchoma, yale ya kahawia yanayoliwa kwenye bafu la mvuke. Yangu matunda ya kawaida, yake karamu. Upendeleo mtupu! Mkurugenzi alipotoka kupokea simu, nikabadilisha majina.

Ijumaa, 21 Februari

Naandika kwa utulivu.

Ma alianza. Ndizi, peasi, mishale. Hakuna aliyekosea, hakuna aliyecheka. Bi. Colley alipiga miayo mara mbili. Nilihesabu.

Zamu yetu. Bi. Colley akainua yai, akatabasamu, akasema, "This is an egg." Hapo ndipo nilipokumbuka. Mayai, machungwa, majina yote hayo kwa Kiingereza huanza na irabu, na yote hutaka "an." Na "an," kwa masikio yetu, ni "si."

Mabibi wakatazamana. Mgeni amesema hili si yai! Bibi Ok akamwuliza kwa Kikorea, kwa heshima zote: kama si yai, ni kiazi? Bi. Colley akadhani hakusikika. Akapaza sauti: "An egg!" Kutoka nyuma, Bibi Yeom akanong'ona kwa mnong'ono wa sokoni, "Masikini, macho yamekwisha. Na katoka mbali hivyo, jamani."

Bibi Ok hakuvumilia. Akalitwaa yai, akalipasulia kwenye paji la uso wake, kama tunavyofanya bafuni. Akalimenya. Akamwonyesha kiini, akauliza, na hiki je, kitunguu? Kisha akalila. Likamkolea. Akanyoosha mkono aongezwe: "The egg!"

Bi. Colley nusura aruke. Kitu kimetajwa mara ya pili, na "the" imekuja yenyewe! Akampa jingine. "The egg!" wakaitikia mabibi wote tisa, mikono mbele. Mayai yakaisha. Bi. Colley akasema hajawahi kusikia "the" ikitamkwa kwa imani kiasi kile. Nikainama kupokea pongezi.

Kisha akaomba Bibi Ok aeleze alivyofundishwa, Mkurugenzi atafsiri. Bibi Ok ni mtu mkweli. Alieleza yote, na "zaidi" na "si." Mkurugenzi alitafsiri yote, sauti ikizidi kupungua.

Jumatatu, 24 Februari

Cheo kimekwenda kwa Ma. Mabibi wangu pia. Bibi Ok alipita kuniaga. Alisema mimi ni mwalimu mzuri sana, Kiingereza tu ndicho kinachoniangusha. Iliniuma. Akanitilia yai moja mfukoni.

Nimebakizwa kama msaidizi wa Ma. Nambebea kikapu.

Mama kapiga kuuliza kama mambo yamekamilika. Nikamwambia kazi nimepata. Lugha yetu haina "a" wala "the," kwa hiyo hana njia ya kujua kama ni kazi ile au kazi yoyote tu. Alifurahi mpaka akalia. Ghorofa ya tano imeshapata mikate yake.

Alhamisi Ma anaanza kufundisha "in." Nimelifikiria jambo hili nikila yai. "In," kwetu, ni "mtu." Na mtu hukaa wapi? Ndani! Hapa hapana pa kuharibika. Nimeshamnong'oneza Bibi Ok.