Motisha Niliyompa Mama Pendo

Wadau, mie leo nimeadhirika. Tena mchana kweupe, mbele ya bosi, na nimelowa mpaka soksi. (Mnaosoma mkiwa kazini, jifanyeni mnakohoa.)

Kwa msiojua, mie ni msimamizi kwenye karakana ya kushona sare za shule, huku Chang'ombe. Si kubwa. Ni cherehani zimepangwa kwenye banda la bati, na joto la humo ndani Mungu ndiye anayelijua. Usimamizi nimepewa mwaka huu, na tangu nipewe nimekuwa mtu wa nadharia. Naangalia semina za uongozi kwenye simu mpaka bando linakata. Jinsi ya kumpa mfanyakazi ari. Jinsi ya kumfanya aipende kazi. Kichwa kimejaa!

Kila asubuhi tunasimama duara. Mie napaza sauti, "Nani bora?" Mafundi wanajibu "Sisi," kwa sauti ya watu wanaosubiri majibu ya malaria. Halafu nikaanzisha ubao wa Mfanyakazi Bora wa Mwezi. Mwezi wa kwanza nikaweka picha yangu. (Ilikuwa mfano! Watu waone ubao unavyotumika!)

Sasa jana jioni Zawadi, fundi wa vifungo na mpelelezi wangu wa kujitolea, akanivuta pembeni.

"Braza Deo, Mama Pendo anaondoka."

"Anaenda wapi?"

"Karakana ya mtaa wa pili. Kesho mchana wanampigia simu kuchukua jibu. Tena kesho yenyewe ni birthday yake, maskini."

Mama Pendo ndiye anayeshona marinda ya sketi, na sketi zake ndizo zinazotuletea wateja. Ni mtu mzima, umri wa mama yangu mzazi, na akihama yeye nusu ya mafundi watahama naye. Na bosi wetu Bi Shamsa, ambaye kwao wanauza vitambaa tangu enzi za babu yake, alishaniambia kwa ule upole wake unaotisha: "Deo mwanangu, huyu mama akitoka kwenye hilo geti, na wewe usisubiri nikwambie."

Basi nikakimbilia kwenye semina zangu. Mtaalamu mmoja anasema, mshangaze mfanyakazi wako, mfurahishe mbele ya wenzake. Nikasema hapo hapo! Birthday si hiyo?

Na nyie mnajua birthday ya Dar inavyokwenda. Keki peke yake haitoshi. Lazima kwanza umzingue mwenye siku yake. Unamzushia kosa, unamfokea mpaka machozi yamlengalenge, ndipo keki inatoka, anamwagiwa maji, vigelegele, analia kwa furaha. Mpango ukawa huo. Mie nifoke. Zawadi na wenzake wajifiche nyuma ya marobota ya vitambaa na ndoo ya maji. Nikivua kofia tu, wamwage.

Leo asubuhi nimeingia na keki, nikaificha stoo. Bi Shamsa nikamwalika, aje ajionee uongozi wa kisasa. (Hiki kiherehere mie nilikitoa wapi?) Akaja kweli, akasimama mlangoni na pochi yake.

Nikajikaza, nikaenda hadi kwenye cherehani ya Mama Pendo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Sasa mama, hii kazi gani umefanya?"

Hapo ndipo nilipoharibu. Huwezi kumfokea mtu ambaye umetoka kumwamkia sasa hivi! Sauti ilitoka kama ya mtu anayeomba chumvi kwa jirani. Ikabidi nipandishe.

"Marinda yamepinda! Wateja wanalalamika! Umri umekwenda mama, kama kazi imekushinda sema!"

(Ile ya umri haikuwepo kwenye mpango. Ilinitoka yenyewe, na semina haisemi ufanye nini ikishakutoka.)

Cherehani zote zikanyamaza. Mama Pendo akatoa mguu kwenye pedeli. Akavua miwani, akaikunja. Akasimama. Mie nasubiri machozi. Wapi!

"Deo."

"Naam mama."

"Leo nimeamka nasema niwaage watu vizuri, niondoke na heshima yangu. Lakini umenianza wewe."

Weee! Nilipewa makavu, jamani.

"Kila asubuhi unatusimamisha kama watoto wa chekechea. Nani bora, nani bora! Mie nina wajukuu, nakupigia makofi wewe? Feni yetu umeing'oa dirishani, umeipeleka inapuliza ubao wenye picha yako. Picha inapepewa, sie tunachuruzika jasho! Ushawahi hata siku moja kuniuliza, mama, mgongo unaendeleaje? Mama, umekula? Unatoa shikamoo, halafu makelele mpaka jioni. Leo ndiyo umeuona umri wangu?"

Nyuma ya marobota nikasikia mtu anasema "Ehee!" Kumbe Zawadi. Mpelelezi wangu! Mwingine akapiga kofi moja, akajizuia, akashindwa, akaendelea. Wakadakia wote. Hayo ndiyo makofi ya kwanza ya kutoka moyoni niliyoyasikia tangu nishike usimamizi.

Nikamtazama Bi Shamsa. Bi Shamsa anaitazama feni. Jasho likanitiririka mpaka machoni. Nikaona hapa cha kuniokoa ni keki tu, nikavua kofia. Kimya. Nikaipunga. Kimya.

"Mwageni!" nikapiga kelele. "Mwageni jamani, ni birthday!"

Zawadi akatoka na ndoo. Akamtazama Mama Pendo alivyofura. Nani ammwagie maji mama wa watu akiwa na hasira zile? Akaitua ndoo taratibu katikati yetu, akarudi nyuma.

"Hayo maji ya nani?" Mama Pendo akauliza.

"Ya... ya kwako mama. Nilikuwa nakuzingua tu. Leo siku yako. Marinda yako hayana kasoro hata moja. Keki iko stoo."

Akaniangalia. Akaiangalia ndoo. Nikaona mdomo unamcheza, mabega yanatikisika. Anacheka!

"Ya kwangu?"

"Ya kwako mama."

"Basi kama ya kwangu, niachie mwenyewe."

Wadau, yule mama ana nguvu! Ndoo nzima, kuanzia utosini. Nikaloa chapachapa. Vigelegele vilivyopigwa, mafundi wa gereji ya jirani walikuja mbio wakidhani kuna harusi. Bi Shamsa, mama wa heshima zake, ameshikilia mlango, anafuta machozi kwa ncha ya mtandio, anasema, "Ya Rabi! Deo utaniua! Deo utaniua wewe!"

Keki ikatolewa. Mama Pendo akakata, akatulisha mmoja mmoja. Zamu yangu ilipofika akanijazia mdomoni kipande kikubwa kuliko vyote, maji bado yananidondoka puani. Bi Shamsa akaibeba feni kwa mikono yake mwenyewe, akairudisha dirishani. Ubao sijui aliupeleka wapi na sikuthubutu kuuliza.

Nikamsogelea Mama Pendo, nikamwambia, "Mama nisamehe, ile ya umri ilinitoka vibaya." Nilikuwa nina aibu kweli, si utani. Halafu nikamuuliza, "Na mgongo unaendeleaje?"

Akavuta stuli, akanikalisha, akanijibu. Kirefu! Ule mgongo una historia, jamani. Nikajifunza mengi kuliko kwenye semina zote nilizomalizia bando, na nilikuwa nakatisha tu kwa "Pole mama, pole sana."

Mchana simu yake ikaita. Banda zima likatega sikio. Mie nimeshika fagio kama vile nina kazi nalo.

"Haloo. Ndiyo baba. Hapana, siji. Ahsanteni sana, lakini siji." Akanitupia jicho. "Huku feni imerudi. Halafu kuna kijana mmoja hapa, bado sijamaliza kumlea."

Akakata simu, akavaa miwani, akaanza kushona kana kwamba hakuna kilichotokea. Nilifurahi hadi nikataka kulia. Nikalia kidogo. (Nikiulizwa, ni maji ya ndoo.) Bi Shamsa alipokuwa anaondoka akanigonga bega, akaangalia mkono wake ulivyolowa, akacheka upya hadi barabarani.

Sasa sikieni kilichonipata jioni hii wakati wa kufunga. Mafundi wote wamenifuata mmoja mmoja kunitajia birthday zao. Wote! Wamechangamka, macho yanawaka, hakuna aliyelazimishwa kupiga makofi. Hii ndiyo ari niliyokuwa naitafuta tangu niingie kwenye usimamizi.

Zawadi anasema yake ni kesho. Mwongo! Keki yake tulikula mwezi wa pili.

Kesho naenda kazini na koti la mvua.