Mnunuzi wa Jina la Tovuti Yetu Nilimkuta Akila Kuku

Leo nimejivua nguo mbele ya watu, na nguo zenyewe zilikuwa za kuazima.

Nawaandikia kutoka saiba ya Mama Njoki, kibanda chake cha intaneti hapa Kitale, viatu vikinuka mchuzi. (Mchuzi tutaufikia.) Someni mpaka mwisho, maana kisa hiki kinahusu ukurasa huu huu mnaousoma.

Mnanijua. Nimezurura maisha yangu yote. Nimepalilia mahindi ya watu kule Kwanza, nimechimba viazi Saboti, nimeuza mitumba Lodwar, nimelinda geti Mombasa. Kila nilikokwenda nilikikumbuka kijiji chetu kule karibu na Naitiri, na kila niliporudi nilikuta wamebomoa kitu nilichokuwa nakikumbuka. Basi nikalinunua jina la kijiji kwenye mtandao, nikabandika picha ya kile kinu cha posho cha zamani, na nyinyi mliotawanyika mkaanza kuingia kusalimiana. Humu ndani hakuna aliyebomoa kitu.

Majuzi ikaja barua pepe. Kiingereza kimepigwa pasi. Ati wanaomba kujua kama jina la tovuti hii linauzwa, na kama linauzwa, nitaje bei. Chini kabisa: "Katibu, kwa niaba ya Mwenyekiti." Hakuna jina la mtu. Hakuna jina la kampuni.

Nikasoma nikasimama. Nikakaa. Nikasoma tena.

Mama Njoki akaja kusoma juu ya bega langu. (Ndiko anakosomea barua za wateja wake wote.)

"Baba Wekesa, hao ni nani?"

"Ni Mwenyekiti."

"Mwenyekiti wa nini?"

"Mama Njoki, watu wakubwa hawajielezi."

"Hizi barua za kuja tu bila kuitwa huwa za wakora. Muulize kwanza yeye ni nani. Mtu akija kununua ng'ombe kwako, si unamuuliza ametoka wapi?"

"Nikimuuliza ataona niko na njaa."

"Kwani hauna?"

Nasimiyu, mke wangu, amechoka kuhamahama nyumba za kupanga kama paka mwenye watoto. Kuna kiploti anakipenda, kiwanja kidogo nyuma ya soko hapa Kitale. Kila tukikipita anapunguza mwendo tu. Basi nikapanga hivi: niuze jina, ninunue ploti, halafu niwaambie nyinyi kwamba tovuti imeharibika. (Ndiyo. Ningewaambia imeharibika. Tusonge mbele.)

Nikatafuta mtandaoni ushauri wa kuwajibu wanunuzi wa namna hiyo. Usitaje bei wewe kwanza. Usionyeshe haraka. Jifanye mkubwa. Ushauri wa mwanzo kabisa ulikuwa ujue unaongea na nani, lakini nikauruka, maana ulifanana na wa Mama Njoki.

Nikajibu: "Barua yenu imefikishwa kwa Idara yetu ya Sheria. Bodi ya Wakurugenzi italijadili suala hili itakapokutana Nairobi." Nikatia sahihi: Meneja wa Mauzo. (Idara ya Sheria ni mimi. Bodi ni mimi na Mama Njoki, naye alikuwa anapinga.)

Wakaandika tena kwa adabu. Ati wao bado ni wadogo, ndio wanaanza biashara, wanaomba wahurumiwe. Nikajiambia, tajiri wa kweli hulialia hivyo hivyo, ndiyo maana pesa haimtoki. Wakaomba namba ya simu. Nikakataa. Kiingereza changu cha kuandika kimevaa tai, lakini cha mdomoni kinatembea miguu chini.

Kisha, kwa kiburi ambacho hata sijui nilikiokota wapi, nikaandika hivi: "Ofisi yetu haizungumzi na watu wa kutumwa. Kama mna haja ya kweli, Mwenyekiti aje mwenyewe tuonane uso kwa uso."

Uso kwa uso! Hayo ni maneno yangu. Sikulazimishwa kuyasema.

Wakakubali. Mwenyekiti angefika leo katika hoteli moja Bungoma, karibu na soko. Bungoma? Nikafurahi. Nikajua ni mzungu aliyekuja kupanda Mlima Elgon, sasa anapitia biashara.

Asubuhi nikaazima koti la Baba Njoki. Baba Njoki ni mtu wa mwili, kwa hiyo koti likanizunguka likaanza kurudi. Mama Njoki akanifunga tai akiwa ameuma midomo asicheke.

"Na umewauliza ni akina nani?"

"Si leo nitawaona?"

"Haya bana. Utawaona."

Nikafika Bungoma. Hotelini weita akaniambia wageni wangu wako chumba cha nyuma, wameshaanza kula.

"Wazungu wako wangapi?" nikamuuliza.

"Wazungu?"

Sikumngoja. Nikasukuma pazia, nikaingia kifua mbele, nikatoa sauti ile ya mtangazaji wa taarifa ya habari: "Hamjambo! Mkubwa wenu hapa ni nani?"

Walikuwa wanawake wawili. Aliyenielekea nilimtambua papo hapo: Mwalimu Nekesa, yule aliyefundisha kwetu Kiingereza mpaka akastaafu. Wa pili alikuwa amenipa mgongo, ameinamia sahani. Akageuka. Paja la kuku lilikuwa mdomoni.

Mama mkwe.

Sasa, kwa wale ambao hamjaoa upande wetu: mama mkwe humpi mkono. Hukai naye chumba kimoja. Ukimwona njiani anakuja, unaingia kwenye mahindi ya watu mpaka apite. Na kumwona akila, hilo hata halizungumzwi. Miaka yote ya ndoa yangu nimemjua mama huyu kwa visigino, akiondoka. Leo nimemjua kwa meno.

"Uuuwi!" Akavuta leso aliyojitanda akajifunika kichwa, yeye na kuku na sahani.

Nami nikageuka nikimbie. Mimi niligeuka. Koti lilichelewa. Likamnasa weita aliyekuwa anaingia na bakuli la mchuzi, na tukaanguka sote: mimi, weita, bakuli na heshima yangu. Nikatoka kwa magoti. Nilipopata akili nilikuwa uani, nimejibanza ukutani kando ya jiko la makaa, wapishi wananitazama, na juu ya kichwa changu dirisha la kile chumba liko wazi.

Nikasikia sauti ikitoka chini ya leso.

"Mwalimu, huyo ni nani ameingia?"

"Ni Meneja wa Mauzo, mama."

"Muulize, Bodi ya Wakurugenzi amekuja nayo?"

Mwalimu akatoa kichwa dirishani. "Mkwe wetu, umesikia swali?"

"Mwambie Bodi iko hapa," nikasema.

"Iko hapa wapi?"

"Hapa kwa jiko, Mwalimu."

"Na Idara ya Sheria?"

"Iko hapa pia. Imemwagikiwa na mchuzi."

Mpishi mmoja alilazimika kuweka kisu chini.

Mwalimu akanieleza. Akina mama wa kijiji wana kikundi, mama mkwe ndiye Mwenyekiti na yeye Mwalimu ndiye Katibu, wanasaga njugu na kuzitia kwenye mikebe. Mtu aliwaambia kwamba watu wa mjini siku hizi wanatafuta vitu kwenye mtandao, na wakilipata jina la kijiji watauza. Wakakuta limeshachukuliwa na mtu wasiyemjua. Barua zangu alizipokea yeye, na kila siku ya kikao alizisoma kwa sauti na kuzitafsiri, neno kwa neno, mbele ya kikundi kizima.

"Ile ya watu wa kutumwa waliniomba niirudie," akasema. "Mama alisema mtu mwenye kiburi namna hii hawezi kuwa mtu wa huku, lazima ni wa Nairobi."

Chini ya leso mtu akakohoa. "Mwalimu, mwambie nimeonekana nikila. Na mkwe. Jambo hili lazima lioshwe."

Nilijua. Aibu kama hiyo hulipiwa. "Mwambie mama nitaleta mbuzi."

"Mbuzi tunao."

"Basi nitaleta blanketi."

"Mwambie nataka jina."

Nikakiona kile kiploti kinaondoka na soko lake. Lakini kilichonitoka mdomoni kilinishangaza hata mimi.

"Mwalimu, ndani ya hilo jina kuna watu!"

"Watu gani?"

"Watu wa kwetu. Wale walioenda mbali. Huwa wanakutana humo."

Halafu sauti ya leso ikashuka. "Hata Wanyama wangu?"

Wanyama, mnamjua. Shemeji yangu, yule aliye Mombasa, anayetuandikia hapa kila mara kwamba ugali wa huko hauna ladha. Kumbe nyumbani hajatuma neno siku nyingi.

"Huingia, mama. Ni mzima. Ananenepa." Nilimjibu moja kwa moja, bila kupitia kwa Mwalimu. (Sijui hiyo nayo inalipiwa nini.)

Nikasikia mfupa ukiwekwa sahanini.

"Basi wasifukuzwe," akasema. "Sebule iwe ya njugu. Hao wakae jikoni, wapige hadithi zao."

Hivyo ndivyo biashara ya Idara ya Sheria ilivyokwisha. Nimelitoa jina bure, na weita nimemfulia shati.

Habari ilifika Kitale kabla yangu. Nasimiyu alinipokea kwenye steji ya matatu, akanitazama koti, akasema neno moja: "Meneja." Kisha akaanza kucheka. Tulipopita kwenye kile kiploti alikuwa anacheka bado, akasahau kupunguza mwendo. Mimi ndiye niliyepunguza.

Sasa Mama Njoki yuko juu ya bega langu, anasoma. Analinusa tu koti la mumewe.

Kwa hiyo kesho mkifungua ukurasa huu mkakutana na mkebe wa njugu, msishtuke, pitieni mlango wa nyuma. Wanyama, mpigie mama yako simu. Na tafadhali asicheke mtu hapa. Atakayeshindwa atanunua njugu; bei ya mkebe muulizeni Mwenyekiti, ila mtajieni kwanza nyinyi ni akina nani.