Ndugu wa Kukodi

"Amemwambia mpishi wangu!" Mzee Halvor alipiga meza mpaka vijiko vikaruka. "Jicho ni langu, hospitali nimekwenda mimi, na aliyekaa kwenye benchi asubuhi nzima ni mimi. Daktari ananipapasa bega, ananiambia nisiwe na wasiwasi, halafu anamvuta mpishi wangu pembeni na kumweleza yeye!"

"Na mpishi kasemaje?" aliuliza Bi Gerda.

"Kasema nisiwe na wasiwasi!"

Meza ya nyuma yao, mtu mmoja mwenye shati la maua na nywele zilizolowa mafuta alishusha gazeti la juzi alilojifanya analisoma. Jina lake kamili lilikuwa Eutiquio Salpocial, lakini mji mzima wa Dumaguete ulimwita Tikyo, na waliomjua vizuri walimwita kwa mbali, mkono mmoja mfukoni wakishikilia pochi.

Tikyo aliwatazama wazee hao wawili kwa huruma ya mwenye njaa anapotazama wali. Halvor alikuwa fundi wa meli kutoka Norwei, mstaafu, jicho moja limeingia ukungu na la pili linafuata. Gerda alikuwa mwalimu kutoka Ujerumani, mstaafu naye, mwenye presha na ulimi mkali. Kila asubuhi walikaa kwenye mkahawa ule wa ufukweni kula chapati za mchele na kulaani madaktari. Mara daktari hakuja kabisa. Mara kaja, kasema maneno mawili, kaondoka. Kwao nako bima zimewakataa kwa uzee, na hospitali za serikali zimewafuta kwa kuwa wamehama. Tikyo alikuwa ameyasikia hayo yote wiki nzima bila kuona mlango wa kuingilia. Leo mlango umefunguka wenyewe.

"Wazee wangu, mnisamehe," alisema, tayari keshavuta kiti. "Sikukusudia kusikiliza, ila masikio hayana mfuniko. Mnamlaumu daktari bure. Shida yenu ni kwamba hamna ndugu."

"Mimi nina ndugu wanne," alisema Gerda.

"Wako wapi?"

"Ujerumani."

"Ujerumani!" Tikyo aliinua mikono. "Bi mkubwa, ndugu wa Ujerumani atakununulia dawa saa ngapi? Hapa kwetu mgonjwa haendi hospitali peke yake kama mtu anayekwenda kunyoa. Anakwenda na bantay wake, ndugu wa kukaa naye. Huyo ndiye anayekimbilia dawa, anayekulisha uji, anayemgombeza nesi. Na daktari akiwa na neno zito, analimwaga kwa ndugu. Mgonjwa haambiwi. Mgonjwa anaumwa tayari, kwa nini aongezewe?"

"Huo ni wendawazimu," alisema Halvor.

"Ni adabu, mzee wangu. Na mimi nitakupatia ndugu."

Ndivyo ilivyoanza biashara ya ndugu wa kukodi, na haki ya Mungu, kama Tikyo angeishia hapo, leo angekuwa mtu wa heshima. Alimleta Shangazi Loring, shangazi wa mtaa mzima, mama wa makamo, mnene, mwenye sauti ya kusimamisha pikipiki. Loring alikuwa akiuza mahindi ya kuchemsha mtaani kwao. Siku ya kwanza tu aliingia hospitali na Gerda, akaketi juu ya meza ya karani, akauliza kwa nini dada yake mzungu anasubiri huku watu wanapita kwa nyuma. Gerda alionwa kabla kiti hakijapata joto. Daktari Regalado, mwanamama mpole mwenye miwani, alimvuta Loring kando akamweleza yote ya presha. Loring akatoka akamweleza Gerda neno kwa neno, pamoja na maoni yake mwenyewe kuhusu soseji.

Gerda alilia. Alimkumbatia Loring pale pale mlangoni. "Huyu ndiye ndugu yangu," alisema, "wale wanne wakae hukohuko."

Wazee walimlipa Tikyo vizuri, na Tikyo akamlipa Loring kiasi cha kununulia chumvi. Loring aliitazama ile chumvi yake, akanyamaza. Tikyo hakuutilia maanani unyamavu huo. Ni kosa wanalolifanya wajanja wengi, wanasikiliza maneno tu.

Hata mafunzo aliwapa, kwenye mkahawa, kahawa ikilipwa na Halvor.

"Sasa nyie mnajifunza kuwa watu wa hapa," aliwaambia. "Siku mkienda kumwona mgonjwa, msikunje nyuso. Hali ikiwa nzuri, ndugu wanagombana, wanamsuta mgonjwa, wanamwambia ainuke aache uvivu. Hali ikiwa mbaya, wanatabasamu. Wanasema hakuna kitu, si kitu kabisa. Wanaongea polepole. Na mkiona zabibu zimeingia chumbani, zile za kutoka nje, basi jueni mambo yamekwisha. Nani hapa ananunua zabibu kwa mtu atakayepona?"

Halvor alicheka mpaka akakohoa. Jicho lake lenye nafuu lilitoa machozi, na lile bovu likatazama tu.

Jicho hilo ndilo lililomtia Tikyo tamaa. Lilihitaji kupasuliwa, na madaktari watatu walikuwa wamempa Halvor majibu matatu. Mzee alikuwa na akiba yake ya mwisho kwa ajili ya kazi hiyo. Alitaka jambo moja tu kabla ya ukungu kufunga kabisa: kuendelea kutengeneza vile vijimeli vyake vya mbao, vyenye nyuzi nyembamba kama nywele, alivyokuwa akivigawa kwa watoto wa jirani. Siku hizi vidole vilikosa tundu la sindano, na mzee alikuwa akivitupa vijimeli chini kwa hasira, halafu anapiga magoti kuvitafuta.

"Mjomba wangu ni bingwa wa macho kule Cebu," Tikyo alimwambia. "Wageni hawapokei. Ila wewe sasa ni familia. Tatizo anataka malipo mbele, maana watu wamemchezea."

"Watu wana roho mbaya," alisema Halvor, akatoa akiba yote.

Mjomba bingwa, nadhani umeshakisia, alikuwa hajazaliwa. Lakini kwa mtu asiyekuwepo alikuwa na shughuli nyingi. Mara ana harusi, mara ana msiba, mara dhoruba imezuia meli. Halvor alisubiri kila wiki na begi lake limefungwa. Na Tikyo, akiba ikiwa imelala salama ndani ya sufuria ya umeme ya wali iliyokufa zamani, alikata tiketi ya meli ya kwenda Manila, ya mchana wa sikukuu ya mtakatifu wa mtaa, siku ambayo mji wote unakula na hakuna anayetazama bandarini.

Lo! Laiti asingekula na yeye.

Alijiambia atapita nyumba moja tu, aage kwa tonge. Alipita kila nyumba iliyokuwa na mlango. Na kila nyumba ilikuwa na nguruwe mzima wa kuchoma, ngozi nyekundu inayovunjika kama kigae, na Tikyo hakuwa mtu wa kuiachia ngozi ya bure. Alipofika njia ya bandari, tumbo lilimkaba. Alishika mti. Mti haukumsaidia. Alijikunja palepale, jasho linamtoka, na wasamaria wakamtupa kwenye pikipiki ya magurudumu matatu mpaka hospitali.

"Bantay wako yuko wapi?" nesi alimuuliza.

"Sina."

"Huna ndugu?"

Ndugu alikuwa nao, kisiwa kizima. Tatizo ni kwamba binamu mmoja Tikyo alikuwa amemuuzia shamba la makaburi, mwingine alimuuzia hisa za kampuni ya feri isiyo na feri, na mama yake mdogo alikuwa amefunga mlango mbele ya uso wake kwa makomeo mawili. Tikyo alilitafuta jina moja kichwani, hata moja la kumshikia kikombe cha maji, akalikosa. Hapo ndipo tumbo lilipouma kweli.

"Mwiteni Shangazi Loring," alinong'ona.

Loring alikuja. Kwanza alisimama mlangoni, mikono kiunoni. "Bei ya wageni," alisema, "na unalipa mbele."

"Shangazi! Mimi ni wa nyumbani!"

"Wa nyumbani yupi? Nyumbani kwako kuna nani?"

Tikyo alivua saa akampa. Loring akaivaa, akakaa, na muda si mrefu wakaingia Halvor na Gerda, kwa kuwa Loring alikuwa amewaambia mwenzao kaanguka, na familia ni familia. Tikyo akamwona mzee na kofia yake mkononi, akitafuta kitanda kwa kupapasa, na kwa mara ya kwanza maishani akaona aibu. Haikudumu.

Daktari Regalado alimbonyeza tumbo, akalisikiliza, akampapasa mguu. "Usiwe na wasiwasi," alisema. Kisha akawageukia wengine. "Familia, tafadhali, tuzungumze nje."

"Niambie mimi!" alisema Tikyo.

"Pumzika."

Mlango ulikuwa na kioo. Tikyo aliinua shingo. Alimwona daktari akisema maneno machache. Akamwona Loring akiwasogelea wazee, akinong'ona kwa muda mrefu kuliko daktari. Halvor akainamisha kichwa. Gerda akaziba mdomo kwa mikono miwili, mabega yakimtetemeka. Masikini, alikuwa analia!

Waliporudi, wote watatu walikuwa wanatabasamu.

"Hakuna kitu," alisema Loring kwa sauti aliyokuwa hajawahi kuitumia, laini kama ya redio ya asubuhi. "Si kitu kabisa, mwanangu."

Mwanangu! Tangu Tikyo azaliwe, Loring alikuwa akimwita kinyangarika.

"Kasemaje daktari?"

"Kasema usiwe na wasiwasi," alisema Halvor.

"Nitukaneni," alisema Tikyo. "Shangazi, niambie niinuke niache uvivu."

"Lala tu, mwanangu." Loring alilowesha vidole akamlaza nywele. Gerda alitoka bila kusema neno. Aliporudi alikuwa na mfuko wa karatasi, akaufungua taratibu juu ya kimeza, na Tikyo akaona.

Zabibu. Nyeusi, kubwa, za kutoka nje, bado zina baridi ya friji la duka.

Tikyo alitoa mlio ambao nesi aliusikia hadi maabara. "Uwii! Nakufa! Ninakufa na hamtaki kuniambia!"

"Hufi," alisema Gerda. "Kula moja."

"Mzee Halvor! Nishike mkono. Sina mjomba."

"Kila mtu ana mjomba."

"Wa Cebu sina! Wa macho sina! Nimekuibia, mzee wangu. Akiba yako iko chumbani kwangu, ndani ya sufuria ya wali, chini ya kitanda. Ufunguo huu hapa. Pesa nilizomtoza Bi Gerda zimo humohumo. Chukueni zote, niende na roho nyeupe!" Alilia machozi ya kweli, kamasi na yote. "Na shangazi, mahindi yako niliyokula bila kulipa mwaka jana..."

"Ya mwaka juzi pia," alisema Loring, na ufunguo ulikuwa umeshaingia ndani ya sidiria.

"Na ya mwaka juzi. Nisamehe."

"Nimekusamehe, mwanangu. Lala."

Wakaondoka wote watatu kwa kunyata, kama watu wanaotoka kanisani. Tikyo alibaki ameikunja mikono kifuani, akijaribu kukumbuka sala yoyote tangu mwanzo hadi mwisho. Akiwa katikati ya moja, tumbo lake lilinguruma, likageuka, likafungua njia, na chumba kizima kikajua. Maumivu yakaisha palepale.

Daktari Regalado alipopita tena alichungulia, akakunja pua, akatabasamu. "Aa, imetoka. Vizuri. Unaweza kwenda."

"Kwenda wapi? Ahera?"

"Nyumbani. Ni gesi. Umeshindilia ngozi ya nguruwe kupita kiasi, ndivyo nilivyomweleza shangazi yako."

Tikyo alikaa kitako. "Gesi! Mbona hukuniambia mimi?"

"Tunaambia familia," alisema daktari, akimshangaa. "Wao hawakukwambia si kitu?"

Walimwambia. Ndilo lililomuuma kuliko gesi. Walimwambia tena na tena, na hakuna hata mmoja aliyesema uongo. Loring alikuwa amemuuliza daktari siku nyingi nyuma kuhusu yule bingwa wa Cebu, akajibiwa hakuna daktari kama huyo, naye akalinyamazia hilo kama alivyoinyamazia ile chumvi.

Tikyo alikimbia chumbani kwake. Sufuria ilikuwa wazi katikati ya sakafu, na ndani yake kulikuwa na hindi moja la kuchemsha, bado la moto.

Halvor alipasuliwa jicho Cebu, kwa daktari mwenye mwili, huku Shangazi Loring amekaa pembeni akiwagombeza manesi. Siku aliyorudi alikaa mkahawani na kijimeli chake, akipitisha uzi kwenye tundu, ulimi nje, jaribio la kwanza ukapita. Tikyo alikuwa akipita na gazeti kwapani. Akataka kugeuza njia, lakini mzee keshamwona.

"Hebu njoo karibu," alisema Halvor. Alimtazama, paji la uso, macho, shati la maua, nywele za mafuta, akamtazama tena kutoka chini kwenda juu bila haraka.

"Kumbe ndivyo ulivyo!" alisema. "Bwana we, una sura ya mwizi kabisa. Ningekuwa na jicho hili siku ile, hata kahawa nisingekununulia."

Tikyo alilichomoa gazeti kwapani, akajifunika nalo uso.

"Keti basi," alisema Gerda, akimsogezea kiti kwa mguu. "Loring ana mgonjwa mpya, Mfaransa, nyonga imevunjika. Anahitaji mpwa wa kumshikia beseni. Mshahara atakulipa uleule uliokuwa ukimlipa yeye."