Mti wa Mgeni Rasmi

Inatangazwa kwa furaha kwamba barabara ya kijiji kipya cha ujamaa, huko njia ya Mikumi, itanyooka. Haitapinda kwa sababu ya kisima, kichuguu wala binadamu. Kunyooka ni maendeleo. Kupinda tuliachiwa na mkoloni.

Tangazo lilitiwa saini na Ndugu Onesphory, Mkuu wa Operesheni Unyoofu. Kuichora barabara aliachiwa Mzee Makarius, Mtaalamu Mwandamizi wa Mandhari, ambaye watu walimwita Bwana Bustani, maana cheo chake kilikuwa kirefu kuliko mshahara.

Tangu Uhuru Makarius alikuwa akipanga bustani. Ile ya Kilosa mjini aliichora ili watu wakae kivulini. Lakini kila mgeni rasmi aliyeshuka kwenye treni alipanda mti wa kumbukumbu, na mti wa mgeni rasmi hauguswi, unazungushiwa uzio. Mwishowe bustani ikajaa waheshimiwa, mwananchi akakosa pa kukaa. Makarius akapewa pongezi.

Sasa kamba yake ya kupimia ilikuwa imekatiza katikati ya nyumba ya Costancia, mjane aliyefyatua matofali yake mwenyewe.

"Shikamoo, Bwana Bustani."

"Marahaba, mwanangu."

"Hiyo kamba imepotea njia, au imekuja kunisalimia?"

"Jumatatu nyumba inavunjwa. Mchoro umeshapitishwa."

"Si upinde kidogo tu, baba? Hata mkono unapinda, ndiyo maana tunashiba."

"Kupinda kunahitaji kikao," alisema Makarius. Akautazama ukuta uliopakwa udongo mwekundu, bado mbichi. Kisha akakumbuka kwamba Jumapili ni ufunguzi wa kijiji, na kwamba shimo la mgeni rasmi huchimbwa na idara ya mandhari. Idara ndiyo yeye.

"Una jembe?" akauliza.

Jumapili ngoma zikalia. Ndugu Onesphory, mgeni rasmi wa siku hiyo, akaongozwa hadi kwenye shimo.

"Mbona mlangoni kwa mtu?"

"Hapa, Ndugu Mkuu, picha inatoka na milima nyuma yako."

Akapanda mkangazi, akaumwagilia, akapigiwa makofi.

Jumatatu katapila likaja. Dereva wake, Thadeo, akauona uzio, akazima injini. "Mimi nina watoto. Mti wa mkubwa siugusi ng'o!"

Kikao kikaketi, kikaamua barabara izunguke, na mzunguko huo uitwe unyoofu wa awamu ya pili. Makarius akauchora kwa raha, ulimi nje kama mtoto wa darasa la kwanza. Ukaupita mkangazi, ukaiacha nyumba ya Costancia, ukaingia moja kwa moja kwenye msingi wa nyumba ya mapumziko ya Ndugu Onesphory.

"Makarius! Imepita sebuleni kwangu!"

"Ndiyo, Ndugu Mkuu. Haipindi kwa sababu ya binadamu. Tangazo lako hilo."

"Basi nami nipande mti pale!"

"Mgeni rasmi hutoka mbali, Ndugu Mkuu. Pale wewe ni mwenyeji."

Costancia akamtolea Ndugu Onesphory kigoda nje. "Shikamoo, mzee. Karibu ukae kivulini. Mti ni wako mwenyewe. Tuusubiri tu ukue."